Septemba isiyokwisha: dhana potofu kuhusu wakongwe na wageni wa Usenet

Kabla ya Facebook, kabla hata ya tovuti kuenea, watu walijadiliana kwenye Usenet: maelfu ya makundi ya majadiliano yaliyosambazwa kutoka seva hadi seva, bila makao makuu na bila mwenyewe. Ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, ikaanza kutumika 1980. Kila Septemba vyuo vya Marekani vilipofunguliwa, wanafunzi wapya walipewa akaunti wakamiminika humo. Wakongwe walinung'unika, wakakemea, wakafundisha, na baada ya wiki kadhaa mambo yakatulia. Kisha kampuni za biashara, AOL (America Online) ikiwa mojawapo, zikauza njia ya kuingia kwa yeyote mwenye kompyuta na simu, na wageni wakawa wanaingia mwaka mzima. Ndiyo Septemba isiyokwisha.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba waungwana walivamiwa na washamba. Ukiangalia mitambo ilivyofanya kazi na nani alilipa nini, masimulizi hayo yanapwaya.

Dhana: Yote yalianza AOL ilipofungua mlango Septemba 1993

Tarehe zinakataa. Msemo wenyewe unatokana na ujumbe wa Dave Fischer, alioutuma Januari 1994 kwenye kundi la alt.folklore.computers, akisema Septemba 1993 itakumbukwa kuwa Septemba ambayo haikuisha. AOL iliwafungulia wateja wake Usenet Machi 1994. Kwa hiyo malalamiko yalitangulia, na mshitakiwa akafika baadaye.

Walioingia kabla yake walitoka kwingine. Kampuni ya The World, ya Massachusetts, ilikuwa ikiuza intaneti kwa watu wa kawaida tangu 1989. Delphi, kampuni nyingine ya namna hiyo, nayo ilitangulia kuwafungulia wateja wake, na watumiaji wake walichekwa kabla wa AOL hawajapata zamu. AOL ilibebeshwa lawama zote kwa sababu mbili za wazi: ukubwa wake (Agosti 1994 ilifikisha wateja milioni moja) na anwani. Kila ujumbe ulionyesha mtumaji katoka wapi, na mwisho wa aol.com ulionekana kabla hujasoma neno hata moja. Mgeni kutoka chuo kikuu alikosea vilevile, ila anwani yake ilimsitiri.

Dhana: Kabla ya hapo palikuwa na adabu na utulivu

Kundi la net.flame, la watu kutukanana kwa raha zao, lilikuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alama ya tabasamu, :-), ilipendekezwa na Scott Fahlman Septemba 1982 kwenye ubao wa ujumbe wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kwa kuwa wasomi walishindwa kutambua utani na kugombana. Na Mike Godwin alitunga kanuni yake mwaka 1990, kwamba mjadala ukirefuka mtu atamfananisha mwenzake na Hitler. Hiyo ni miaka minne kabla ya mteja wa kwanza wa AOL kutia mguu.

Dhana: Wageni walikuwa wavivu, majibu yote yalikuwepo wakakataa kusoma

Hapa ndipo wakongwe walipowaonea zaidi wageni, nadhani bila kukusudia.

Usenet haikuwa na kumbukumbu ya kudumu. Kila seva ilihifadhi ujumbe kwa siku au wiki kadhaa, kulingana na diski aliyonayo msimamizi, kisha ikaufuta kupisha mpya. Mjadala mzuri wa Machi ulikuwa umeshatoweka Mei. Hapakuwa na mahali pa kutafuta ya zamani mpaka DejaNews ilipoanza mwaka 1995. Mgeni wa 1994 aliyeambiwa "hili tulishalimaliza" alikuwa anaambiwa akasome kitu kilichokwisha kufutwa.

Dawa ya wakongwe ilikuwa orodha za maswali yaulizwayo mara kwa mara. Mtu mmoja alijitolea kuikusanya, akaituma upya kila mwezi au kila wiki mbili, maana nayo ilifutwa kama ujumbe mwingine wowote. Nakala ziliwekwa pia kwenye kundi la news.answers na kwenye mashine ya chuo kikuu cha MIT iliyoitwa rtfm.mit.edu. Mpango ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa na pengo: aliyeingia siku tatu baada ya orodha kufutwa, na hajui kwamba kuna mashine MIT, hakuwa na lingine ila kuuliza. Swali lake lilikuwa la 40 mwezi huo kwa mkongwe. Kwake lilikuwa la kwanza.

Halafu kuna pesa. Waraka wa adabu za mtandao, RFC 1855 wa Oktoba 1995, ulioandikwa na Sally Hambridge wa Intel, unamshauri mgeni asome kundi kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote. Kwa mwanafunzi aliyelipiwa na chuo, ushauri huo haukugharimu kitu. Mteja wa AOL wakati huo alilipa dola 9.95 kwa saa 5 za mwezi, na dola 2.95 kwa kila saa iliyozidi. Akisoma nusu saa kila siku kwa siku 30, zinakuwa saa 15: dola 9.95 na nyingine 29.50, jumla dola 39.45. Miezi miwili ya kukaa kimya ingemtoa karibu dola 79, bado gharama ya simu. Mtu anayelipa kwa saa huuliza haraka na kuondoka. Huo si uvivu. AOL ilianza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kikomo Desemba 1996, na kufikia hapo uhasama ulikuwa umeshakomaa.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni alipewa jembe siku ya kwanza, akagombezwa kwamba halijui shamba.

Dhana: Zile kanuni zilikuwa majivuno ya watu wa kompyuta

Baadhi zilikuwa majivuno kweli. Kumkosoa mtu tahajia mbele ya maelfu hakukusaidia mtambo wowote. Lakini nyingi zilikuwa na sababu iliyogusa waya na mifuko. Programu iitwayo Pnews ilimwonya kila mtu kabla hajatuma kwamba ujumbe wake utafika kwenye maelfu ya mashine na utaugharimu mtandao mamia ya dola, kisha ikamuuliza kama ana hakika. Seva nyingi zilipokezana ujumbe usiku kwa modemu (kifaa cha kupitisha data kwenye waya wa simu), kwa simu za masafa ambazo taasisi zilizilipia.

Kunukuu ndiko kulikoleta ugomvi mkubwa. Kanuni ilitaka ubakize mistari unayoijibu tu, kila mmoja ukianza na alama ya >, na jibu lako liwe chini yake. Wageni wengi walinukuu ujumbe mzima na kuongeza maneno mawili: "Hata mimi." Piga hesabu. Mistari 60 yenye herufi 75 kila mmoja ni herufi 4,500. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha herufi kama 240 kwa sekunde, hivyo msomaji alisubiri sekunde 19 hivi apate maneno mawili. Katika kundi lenye majibu 50 ya namna hiyo, robo saa imekwenda.

Programu nyingine za kutuma ziliukataa ujumbe ambao sehemu iliyonukuliwa ilizidi maandishi mapya. Watu wakaikwepa kwa kubadili alama ya >, wengine kwa kujaza mistari isiyo na maana mwishoni, na ujumbe ukazidi kurefuka. Na waliogundua ujanja huo hawakuwa wageni peke yao.

Urefu wa mstari ulikuwa na maana pia. Skrini nyingi zilikuwa na nafasi 80. RFC 1855 inashauri mistari iwe chini ya herufi 65, kwani kila anayenukuu anaongeza alama kushoto, na ukinukuliwa mara nne tano bado mstari unapaswa kutosha. Aliyeandika aya nzima kama mstari mmoja, bila kubonyeza kitufe cha mstari mpya, kwenye skrini yake aliona imekaa vizuri. Kwa mwenzake ilikatwa ukingoni au ikavunjika ovyo. Sahihi ya chini ya ujumbe ilitakiwa isizidi mistari 4, kwa hoja ileile ya uzito.

Dhana: Wageni ndio walioleta ujumbe taka

Januari 1994 tangazo la dini kuhusu kurudi kwa Yesu lilitumwa karibu kila kundi. Mtumaji alikuwa msimamizi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Andrews, Michigan, mtu aliyejua fika anachofanya. Tarehe 12 Aprili mwaka huohuo mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walitangaza huduma ya bahati nasibu ya kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani) kwenye makundi zaidi ya 5,000, kwa kutumia skripti, yaani programu fupi, ya lugha ya Perl. Skripti ya namna hiyo haiandikwi na mtu aliyejiunga juzi. Malalamiko yaliyomiminika yaliiangusha seva ya kampuni iliyowapa huduma, mara kadhaa.

Kilichowakera wakongwe zaidi ni namna ya kutuma. Usenet ilikuwa na njia ya kistaarabu ya kupeleka ujumbe kwenye makundi kadhaa: unaandika majina yao yote kwenye mstari wa Newsgroups, yakitenganishwa na koma bila nafasi (ukiweka nafasi, programu za zamani zilikosea kusoma). Ujumbe huo una kitambulisho kimoja, seva inahifadhi nakala moja, na msomaji akiusoma katika kundi moja, programu yake huuhesabu umesomwa katika mengine yote. Mawakili walituma nakala ya pekee kwa kila kundi. Aliyesoma makundi 15 aliona tangazo mara 15, na diski za dunia nzima zikabeba maelfu ya nakala za kitu kimoja.

Baadaye kikatungwa kipimo, Kielezo cha Breidbart. Kwa kila nakala unachukua kipeuo cha pili cha idadi ya makundi iliyopelekwa, kisha unajumlisha. Nakala moja kwa makundi 9 kwa pamoja inapata 3. Nakala 9 tofauti, kila moja kundi lake, zinapata 9. Jumla ikifika 20 ndani ya siku 45, ujumbe ulihesabiwa taka na ungeweza kufutwa na mtu mwingine. Zingatia kwamba kipimo hakiulizi ujumbe unasema nini. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu ulizima ubishi wa kama tangazo la dini ni taka au la.

Dhana: Wakongwe wote waliwachukia wageni

Kulikuwa na kundi zima la kupokea maswali yao, news.newusers.questions, na jingine la kuwatangazia maelekezo, news.announce.newusers, na watu waliojibu humo kwa miaka bila malipo. Brad Templeton aliandika mafunzo ya kejeli kwa jina la Emily Postnews, mshauri anayekufundisha kufanya kila kitu kinyume. Wageni wengi waliielewa kejeli hiyo kuliko kanuni. Waliochoka walikuwa na orodha ya kuzuia katika rn, programu ya kusomea Usenet ya Larry Wall: unaandika jina la mtu au mada, huioni tena. Chuki ilikuwepo, ila waliopiga kelele ndio waliosikika.

Dhana: Wageni waliiua Usenet

AOL iliondoa Usenet kwa wateja wake mwaka 2005. Duke, kule ilikozaliwa, ilizima seva yake Mei 2010. Kilichowashinda wenye seva ni uzito wa mafaili: picha, programu na filamu zilizogeuzwa kuwa maandishi ili zipite. Njia ya zamani ya uuencode hugeuza baiti 3 kuwa herufi 4, hivyo faili linavimba kwa theluthi na zaidi kabla halijagawanywa vipande na kunakiliwa kila seva. Mijadala ya maandishi, hata yenye "hata mimi" elfu, ni makombo ukiilinganisha na hayo. Upande wa pili, wavuti ulileta majukwaa yenye msimamizi anayeweza kufuta na kufukuza, jambo ambalo makundi mengi ya Usenet hayakuwa nalo. Google, iliyonunua hifadhi ya DejaNews 2001, iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet Februari 2024.

Bado inafanya kazi. Ipo seva ya bure ya makundi ya maandishi inayojiita eternal-september.org, na programu ya barua pepe ya Thunderbird inaweza kuunganishwa nayo: jisajili upate jina na nywila, ongeza akaunti ya makundi ya habari, tumia mlango (port) 563 wenye usimbaji badala ya 119, kisha chagua makundi. Ujumbe wako wa majaribio upeleke kwenye kundi lililoundwa kwa kazi hiyo, kama alt.test, na uandike "ignore" kwenye mada, la sivyo mashine za kujibu zenyewe, kama bado zipo, zitakujazia sanduku la barua pepe.