Metali Kali Si Kelele Tupu
Wengi wanaposikia muziki wa metali kali hudhani kwamba ni kelele zisizo na mpangilio wala melodia. Albamu ya Storm of the Light's Bane, iliyotolewa mwaka 1995 na bendi ya Dissection ya Uswidi, inakanusha dhana hiyo waziwazi. Ndani yake uzito wa deth metali unakutana na ubaridi wa blaki metali, ambazo ni aina mbili za metali kali, huku magitaa mawili yakipatana kama wanakwaya walioshika sauti ya kwanza na ya pili. Anayekwazwa na sauti ya mwimbaji, ambayo imekwaruzwa kwa makusudi, ayafuate magitaa kwanza, kisha asikilize hadi mwisho, ambako albamu inafungwa kwa piano peke yake, bila ngoma wala maneno.