Maabara ya shule: anayezimua tindikali yuko hatarini kuliko anayeipima

Mitihani ya vitendo ya kidato cha nne nchini Tanzania inapokaribia, kemikali huingia shuleni kwa mkupuo: chupa za tindikali za lita mbili na nusu, madumu ya spiriti, vichupa visivyo na lebo vilivyoazimwa shule jirani. Wazazi humhofia mwanafunzi aliye mezani na bureti, mrija mrefu wenye alama wa kupimia tindikali. Yule anashika tindikali ambayo imeshazimuliwa. Wa kuhofiwa zaidi ni mwalimu au fundi wa maabara aliyeizimua jioni, peke yake, akikimbizana na maelekezo ya saa 24, yaani ya maandalizi ambayo shule hupewa siku moja kabla ya mtihani.

Asidi (yaani tindikali) ya salfuriki huuzwa ikiwa na ukali wa asilimia 98. Lita moja ya myeyusho wa 0.05 M (M ni moli kwa lita, kipimo cha ukolezi) inahitaji mililita 2.8 tu. Tanguliza maji mililita 500 hivi kwenye bika (kikombe cha maabara), si kwenye chupa ya kioo kinene inayopasuka kwa joto. Mimina asidi kidogo kidogo huku ukikoroga, iache ipoe, ndipo uhamishie kwenye chupa ya ujazo na kujaza hadi alama. Ukimwaga maji juu ya asidi, maji hubaki juu kwa kuwa ni mepesi, huchemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Miwani ya kusomea si kinga, pembeni iko wazi. Asidi ya hidrokloriki ya asilimia 36 ni mililita 8.5 kwa lita moja ya 0.1 M, tatizo lake ni mvuke, basi fungua madirisha kabla ya kizibo. Na pipeti, mrija wa kuvutia na kupimia kimiminika, hainyonywi kwa mdomo, hata ikiwa mpira wa kunyonyea umepotea.

Kwenye baiolojia, moto hutokea sana katika kupima wanga kwenye jani. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa juu ya meza hadi kwenye moto wa kundi la pili. Chemsha maji kwanza, zima mioto yote chumbani, majiko ya mafuta ya taa yakiwemo, halafu tumbukiza mrija wenye ethanoli na jani kwenye maji hayo ya moto. Taa ya spiriti haiongezwi spiriti ikiwa inawaka au ingali ya moto. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, na mtu huapa kwamba ilikuwa imezimika.

Sasa maziwa, dawa ya meno, ute wa yai. Hivi si tiba ya kuungua kwa kemikali, na tungependa mjadala huu uishe. Ngozi iwekwe chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20, nguo zikivuliwa humo humo. Jicho vilevile, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kisha hospitali, na jina la kemikali likiwa limeandikwa kwenye karatasi. Soda ya kupikia ni ya asidi iliyomwagika sakafuni. Juu ya ngozi haiwekwi. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwani koo litaungua mara ya pili. Wengi wanaogopa tindikali pekee, ilhali haidroksidi ya sodiamu (kostiki soda), ambayo si tindikali bali alikali, hupenya ndani zaidi ya jicho.

Stoo nyingi hupangwa kwa alfabeti. Inapendeza machoni, lakini ndivyo unga wa alumini unavyokaa bega kwa bega na amonia nitrati. Panga kwa tabia: vinavyowaka mbali na vioksidishaji (kemikali zinazochochea moto), asidi ya nitriki mbali na ethanoli, chupa za asidi chini ya usawa wa macho na ndani ya beseni la plastiki.

Kuhusu kemikali zilizokwisha muda. Hazimwagwi chooni, hazichomwi nyuma ya madarasa, wala hazipelekwi dampo. Mkuu wa shule aandike barua kwa ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, aambatishe orodha yenye jina la kila kemikali, kiasi, tarehe ya mwisho ya matumizi na hali ya chombo. Isiyo na lebo iandikwe «haijulikani». Msiikisie, na msiifungue kuinusa. Zikusanywe kando, zifungiwe, zisisafirishwe kwa pikipiki wala gari la shule kabla ya maelekezo ya maandishi. Nakala ya barua ibaki kwenye faili la maabara, maana mkaguzi ataiulizia. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182, inaweka adhabu za faini na kifungo kwa wakiukaji, na «sikujua» haitakuwa utetezi. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, usifagie: kusanya matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yatie kwenye chupa yenye maji kidogo, funga, na uiongeze kwenye orodha ileile.