"Kiwanda cha NFL": chuo kinapojisifia vijana wake, kinahesabu nini hasa?

Shemeji yangu anaishi Columbus, Ohio, na kila mwisho wa Novemba anakuwa mtu mwingine. Wiki ya mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo vikuu vya Ohio State na Michigan, pale Ohio State wanabandika mkanda mwekundu wa umbo la X juu ya herufi M za kwenye mabango, na wapinzani hawatajwi kwa jina. Wanaitwa "ile timu ya huko kaskazini". Tarehe 30 Novemba 2024 ile timu ya huko kaskazini ilikuja Columbus ikashinda 13-10, vijana wake wakataka kusimika bendera katikati ya uwanja, ngumi zikarushwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Shemeji alizima simu siku mbili. Aprili iliyofuata akaibuka na ujumbe mmoja: "14 kwa 7, shem. Sisi ndio kiwanda cha NFL."

Hiyo 14 kwa 7 si matokeo ya mechi. Ni idadi ya wachezaji ambao kila chuo kiliwaingiza kwenye drafti ya 2025. Maneno "kiwanda cha NFL", yaani chuo kinachotoa wachezaji wengi wa ligi ya kulipwa, utayasikia kila mashabiki wa vyuo viwili watani wa jadi wanapokutana, na kila upande unaamini kiwanda ni chake. Cha ajabu, mara nyingi wote wana hoja.

Tuanze na drafti. Siyo ile ya vizibo vya soda pale kijiweni. NFL ni ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mabega ya bandia, na ina timu 32. Timu hizo hazina akademi wala kikosi cha vijana chini ya miaka 20. Kazi ya kulea imeachiwa shule na vyuo vikuu. Kijana anacheza sekondari, chuo kinamchukua, na hawezi kuingia NFL mpaka ipite miaka 3 tangu darasa lake limalize sekondari. Kisha kila Aprili timu zote zinakaa na kuchagua kwa zamu: iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita inaanza, bingwa anamalizia. Raundi ni 7, zinachukua siku 3, na mwaka 2025 walichaguliwa vijana 257. Kijana hachagui aende wapi. Timu ikimtaja, haki za kumsajili ni zake.

Vyuo vyenyewe si vya kubahatisha. Uwanja wa Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000, wa Ohio State zaidi ya 102,000. Hao ni wanafunzi wanaocheza, na wanajaza uwanja kuliko timu yoyote ya kulipwa nchini mwao. Wametaniana hivyo tangu mechi yao ya kwanza mwaka 1897, Michigan iliposhinda 34-0.

Sasa turudi kwenye ile 14 kwa 7, maana ndani yake kuna kila kitu kinachofanya dhana hii iwe tamu na ya kudanganya kwa wakati mmoja.

Ohio State walitoa 14, hakuna ubishi. Lakini fuatilia majina yalivyokuwa yakitajwa usiku ule wa kwanza. Namba 5, Mason Graham, Michigan. Namba 10, Colston Loveland, Michigan. Namba 13, Kenneth Grant, Michigan. Mtu wa Ohio State bado hajaitwa. Wa kwanza wao, Emeka Egbuka, alikuja namba 19, na mpaka raundi ya 1 inafungwa walikuwa wamefikisha wanne dhidi ya watatu wa Michigan. Kwa hiyo shabiki wa Michigan naye ana hesabu yake safi: watatu ndani ya 13 bora, ninyi hakuna. Drafti ni moja, washindi wawili.

Rudi nyuma mwaka mmoja tu, mambo yanageuka. Michigan walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa taifa wa msimu wa 2023, na drafti ya 2024 ikabeba vijana wao 13. Ohio State wanne. Lakini aliyeitwa mapema kuliko wote hao 17 alikuwa Marvin Harrison Jr., namba 4, wa Ohio State.

Idadi kubwa mwaka mmoja, basi, mara nyingi inakuambia kwamba chuo kilikuwa na kikosi kilichokomaa kwa pamoja. Georgia walitoa 15 mwaka 2022, na ndiyo idadi kubwa kuliko zote tangu drafti iwe ya raundi 7, baada ya kuchukua ubingwa wa taifa miezi michache kabla. Ukitaka hesabu ya historia nzima, mbele wako watani wengine, Notre Dame na USC, kila mmoja na zaidi ya wachezaji 500 waliochaguliwa.

Tatizo ni kwamba kuchaguliwa siyo kucheza. Katika drafti ya kwanza kabisa, mwaka 1936, namba moja alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NFL. Kwenye daftari la drafti Chicago wana namba moja wa kwanza wa historia. Uwanjani, kwa huyo, wana sifuri. Na hata leo, timu inaingia kambini na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti inabakiza 53. Waliochaguliwa raundi za mwisho wanalijua vizuri panga hilo.

Upande wa pili yuko Tom Brady. Alitoka Michigan mwaka 2000, akaitwa raundi ya 6, namba 199, baada ya watu ambao leo hakuna anayewakumbuka. Akamaliza na pete 7 za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote. Ukihesabu vichwa vya drafti, Brady ni kichwa kimoja, tena cha bei ya chini. Ukihesabu pete, shemeji yangu anabadilisha mada na kuniuliza habari za watoto.

Mimi binafsi, kipimo ninachokiamini ni mkataba wa pili. Mkataba wa kwanza unafuata namba uliyoitiwa: miaka 4, malipo yamepangwa kwa nafasi, na aliyeitwa raundi ya 1 timu inaweza kumwongezea mwaka wa 5. Hapo unalipwa kwa yale watu waliyokutabiria. Wa pili unakuja baada ya timu kukuona ukipigwa, ukiumia, ukirudi. Mfano ni Brock Purdy, mrusha pasi wa chuo cha Iowa State. Mwaka 2022 aliitwa namba 262, wa mwisho kabisa, yule ambaye kila mwaka hupewa jina la utani la Bwana Asiyehusika. Mkataba wake wa kwanza haukufika dola milioni 4 kwa miaka 4. Ndani ya misimu miwili akaifikisha San Francisco 49ers Super Bowl, na mwaka 2025 akasaini wa pili: miaka 5, hadi dola milioni 265.

Purdy ananogesha zaidi hadithi hii kwa sababu ya mtu anayedaka pasi zake. Watani wa Iowa State ni Iowa, na Iowa wana sifa ya kutengeneza wachezaji wa nafasi moja, taiti endi, yule mwenye mwili wa kuzuia na mikono ya kudaka. Mwaka 2019 walitoa wawili wa nafasi hiyo ndani ya raundi ya 1, T.J. Hockenson na Noah Fant. Kabla yao walimtoa George Kittle, raundi ya 5, mwaka 2017. Miaka yote ambayo Purdy alikuwa Iowa State, chuo chake hakikuwahi kuifunga Iowa. Halafu akaenda San Francisco, na anayedaka mipira yake akawa Kittle. Mguso mmoja, yaani bao kubwa la mchezo huu, ukifungwa, vyuo viwili ambavyo havipikiki chungu kimoja vinashangilia pamoja, kila kimoja kikijiandikia sifa.

Na kuna swali la nani amemlea nani. Siku hizi mchezaji anahama chuo kama anavyohama mtaa, na drafti inaandika chuo cha mwisho tu. Joe Burrow alikaa Ohio State, hakupata nafasi ya kuanza, akahamia chuo cha LSU (Louisiana State) mwaka 2018, akaibuka namba moja wa drafti ya 2020. Amehesabiwa LSU, ingawa shahada ya kwanza aliipata Columbus. Wengine hawakucheza futiboli ya chuo chochote: Daniel Adongo, Mkenya wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, na hakuna kiwanda kinachoweza kumdai.

Niliona nimepata pa kumbana shemeji. Nikamwandikia kwamba katika wale 14 wake, Quinshon Judkins alitoka Ole Miss, Will Howard alitoka Kansas State, Josh Simmons alitoka San Diego State. Wapikwe kwingine, sifa uchukue wewe?

Alikaa kama dakika kumi, nikajua yuko kwenye mahesabu. Kisha ikaja sauti: "Sawa shem, toa watatu wangu. Lakini na wao Josaiah Stewart alitoka Coastal Carolina, na Myles Hinton alitoka Stanford. Toa wawili. 11 kwa 5."