Katamarani si ngalawa

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniambia katamarani ni ngalawa ya Wazungu. Nikanyamaza. Juzi tuko Ggaba, mwaloni kwenye Ziwa Victoria huku Kampala, tunasubiri sangara wapimwe, akanyoosha kidole kwenye boti ya mbao yenye paa la turubai: "Anko, kumbe hata sisi tunazo katamarani." Hapo sikuweza tena kunyamaza, kwa sababu kijana huyu amepata nafasi ya ubaharia kwenye katamarani kutoka Mahe, Ushelisheli, hadi Mombasa, na kazi aliyopewa ni kupanga maji na chakula.

Katamarani ni chombo chenye miili miwili inayolingana, iliyoungwa kwa sakafu au mihimili. Basi.

Neno lenyewe ndilo lenye vituko. Limetoka Kitamil, kusini mwa India: kattu ni kufunga, maram ni mti. Miti iliyofungwa. Wavuvi wa pwani ile walifunga magogo kwa kamba na kuingia nayo baharini, maji yakipita katikati. Chombo hicho hakikuwa na miili miwili. Hakikuwa na mwili hata mmoja! Sisi tuna jina lake tangu zamani, nalo ni chelezo. Ni Waingereza waliolichukua neno la chelezo wakalibandika kwenye vyombo pacha, yaani vya miili miwili, vya namna ya Wapolinesia wa Pasifiki. Mwaka 1876 Mmarekani Nathanael Herreshoff alitengeneza chombo pacha, Amaryllis, akawaacha wenzake mbali katika mashindano ya New York. Malalamiko yakawa mengi, vyombo vya aina hiyo vikapigwa marufuku mashindanoni. Jina likabaki huko, na magogo ya Watamil yakasahauliwa.

Ngalawa je? Ngalawa ina mwili mmoja, mwembamba, wa gogo lililochongwa. Zile mbao mbili za pembeni ni matengo, kazi yake ni kuuzuia mwili usilale. Hupakii kitu juu ya tengo, wala hulali ndani yake. Kwenye katamarani kila upande ni chombo kamili: kina vitanda, matangi, mara nyingi na injini yake. Ukihesabu miili hutakosea. Boti ya Ggaba ina mmoja, turubai halihesabiwi.

Mpwa wangu akacheka. "Anko, tofauti hiyo inanisaidia nini baharini?"

Inasaidia sana. Chombo cha mwili mmoja chenye mkuku mzito, ule uti wa chini kabisa, kikipigwa na upepo hulala upande, na ule ulalo ndio onyo: punguza tanga. Kikizidiwa kikapinduka, uzito wa mkuku kwa kawaida hukiinua tena. Katamarani hailali. Inasimama wima huku mlingoti ukibeba mzigo usiouona, kwa hiyo tanga hupunguzwa kwa kusoma kipimo cha upepo, na mapema, hasa usiku. Ikipinduka, haigeuki tena. Hukaa juu chini, ikielea. Anayeambiwa "haipinduki" ameambiwa nusu ya habari.

Halafu mzigo. Wepesi ndio nguvu yake. Kutoka Mahe hadi Mombasa ni kama maili 950 za bahari. Kwa mwendo wa maili sita kwa saa ni siku sita na nusu, ukiwa na upepo wa kusi wa Julai. Kijana alikuwa ameandika maji lita 800 kwa watu wanne, "ili tusikose". Lita 800 ni kilo 800, ssebo! Chombo kikizama zaidi ya kipimo chake, mawimbi huanza kugonga ile sakafu ya katikati, pu, pu, usiku kucha, na mwendo hufa. Tulikaa kwenye kreti za soda tukapiga hesabu upya: siku kumi na mbili badala ya saba, lita tano kwa mtu kwa siku, jumla lita 240, zigawanywe matangi ya pande zote mbili ili chombo kisiinamie upande mmoja. Ya kuogea ni ya chumvi. Hapo alinuna kidogo.

Sangara wakawa wamepimwa. Tulipokuwa tunapanda boda akaiangalia tena ile boti ya turubai, akasema polepole, "Mmoja."

"Eeh," nikamwambia, "hiyo ni boti tu. Ile ya Mahe iite katamarani bila wasiwasi."