Saratani mbili kwa wakati mmoja: mfuko wa uzazi na ovari

Mwanamke akitokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, au akipata damu isiyo na mpangilio, wengi huwaza kwanza saratani ya mlango wa kizazi. Ni haki, maana ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Lakini mlango ukikutwa salama, uchunguzi usiishie hapo. Damu inaweza kuwa inatoka ndani ya mfuko wa uzazi, na kwa takriban wanawake 5 kati ya 100 wenye saratani ya mfuko huo, ovari (kiungo kinachotoa mayai) nayo huwa na saratani.

Wengi wa wenye saratani hizo mbili bado wanapata hedhi, na wengi wana uzito mkubwa. Kinyama kinachochukuliwa ndani ya mfuko na kupimwa huthibitisha saratani ya mfuko, na ultrasaundi huonyesha uvimbe wa ovari. Uvimbe huo hautobolewi sindano ovyo, kwani seli zinaweza kumwagika tumboni. Jibu kamili, kama ni saratani mbili au ni moja iliyosambaa, huja baada ya upasuaji wa kutoa mfuko, mirija na ovari zote mbili.

Hapa naomba tuwe makini sana. Kila kilichotolewa kiende patholojia (maabara ya kupima vinyama) ndani ya fomalini ya kutosha, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, na kila kopo liandikwe: mfuko, ovari ya kulia, ovari ya kushoto. Ndugu wakikabidhiwa kopo walipeleke siku hiyohiyo. Mtaalamu atapima saratani imezama kiasi gani kwenye misuli ya mfuko, kama imeingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu, na kama gamba la ovari limepasuka.

Majibu hayo hubadili tiba yote. Saratani ya ovari ikihesabiwa moja kwa moja kuwa imesambaa kutoka kwenye mfuko, mgonjwa anawekwa hatua ya 3. Kumbe zote mbili zikiwa za endometrioidi (aina inayofanana na utando wa ndani wa mfuko) inayokua taratibu, hazijazama hadi nusu ya misuli, hazijaenea sana kwenye mishipa hiyo, na ovari ni moja isiyopasuka, mwongozo wa 2023 wa FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi) unaziweka hatua ya IA3, yaani ndani ya hatua ya 1. Matumaini ya kupona hapo ni makubwa, na wengine hawahitaji tibakemia. Aina kali, au iliyosambaa, hutibiwa kwa dawa za tibakemia, carboplatin na paclitaxel, wakati mwingine na mionzi.

Anayetamani bado kuzaa aseme kabla ya upasuaji. Na kama kwenu kuna waliougua saratani ya utumbo mpana au ya mfuko wa uzazi wakiwa na umri mdogo, mwambie daktari: huenda ni ugonjwa wa kurithi uitwao Lynch, na dada zako pia watahitaji kuchunguzwa.