Kabla ya Sabufa, Tengeneza Milango

Vijana wanaoniletea magari ya spoti kama Altezza na Impreza hapa Ngamiani, Tanga, huja na swali lile lile: "Fundi, nina laki saba, nataka gari lipige. Nianze na sabufa au redio ya skrini?" Nami huwajibu kwamba hatujafika huko bado, kaka. Kwanza tufungue milango.

Spika inaposukuma hewa mbele, mgongoni mwake inavuta hewa kiasi kile kile. Mawimbi hayo mawili yako kinyume, na yakipata njia ya kukutana yanafutana. Besi ndiyo inayopotea zaidi. Spika ya nyumbani ina boksi la kuyatenganisha. Kwenye gari boksi ni mlango wenyewe, na mlango umejaa matundu: la kuingiza mkono ukitengeneza mota ya kioo, ya kupitisha nyaya, ya klipu. Kiwandani huyafunika kwa nailoni nyembamba. Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata ile ya mwisho imeshapitia mikononi mwa mafundi wengi, na nailoni hiyo mara nyingi huikuti, au unaikuta imechanika na kuning'inia. Unaweza kufunga spika ya bei yoyote kwenye mlango wa namna hiyo, besi itaishia ndani ya bati.

Kwa hiyo karibu theluthi ya fedha yako iende mlangoni. Nunua shiti za mpira wa butili zenye mgongo wa aluminiamu. Osha bati la nje kwa upande wake wa ndani kwa spiriti, likauke, kisha bandika vipande katikati ya maeneo mapana na ukandamize kwa rola mpaka michirizi ya aluminiamu ilale. Huna haja ya kufunika bati lote. Ukifunika robo yake vizuri, mtetemo mwingi umeshakufa, na utapima mwenyewe kwa kugonga kwa kifundo cha kidole: bati lililokuwa likilia kama debe sasa linajibu kwa mlio mfupi, mzito. Halafu ziba yale matundu makubwa ya bati la ndani. Kwa tundu kubwa natumia kipande cha bati jembamba au plastiki ngumu, nakifunga kwa skrubu ili siku mota ya kioo ikifa kiweze kutoka, kisha juu yake shiti.

Hapa naomba usikilizwe ushauri wa mtu anayefanya kazi pwani. Chini kabisa ya mlango kuna matundu madogo ya kutolea maji. Usiyazibe. Maji ya mvua hupita kwenye mpira wa kioo na kuingia mlangoni kila siku ya mvua, na yakikosa pa kutokea, kwa chumvi ya hewa ya Raskazone na Sahare, mlango unaanza kuoza kutokea ndani na hutajua mpaka rangi ivimbe. Pia achana na zile tepu za lami za kuzibia mapaa, hata kama bei yake inavutia. Gari likianikwa juani mchana kutwa lami inalainika, inashuka, na harufu yake haitoki ndani ya gari.

Kati ya spika na bati panahitaji ringi. Spika nyingi za Toyota za kiwandani zimeumbwa pamoja na kikalio chake cha plastiki, hivyo spika mpya ya inchi 6.5 haikai bila ringi ya kuinua. Wengi hukata ringi kwa MDF, ile mbao ya unga uliogandamizwa, kwa sababu inakatika kirahisi, lakini MDF ikilowa inavimba na skrubu zinalegea. Mimi nakata kwa vile vibao vizito vya plastiki vya kukatia nyama na mboga vinavyouzwa sokoni. Havinywi maji, haviozi, na bei yake ni ndogo. Ukikosa, plaiwudi nzuri iliyopakwa rangi pande zote inatosha. Bandika sponji nyembamba kuzunguka ringi, iguse kava la mlango, ili sauti itoke kwenye neti badala ya kuzunguka nyuma ya kava.

Sasa spika yenyewe. Kama hutanunua amplifaya leo, usitazame wati zilizoandikwa kwenye katoni, tazama unyeti. Ni ile namba ya desibeli inayopimwa kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Ili sauti iongezeke desibeli 3 unahitaji kuongeza nguvu mara mbili. Maana yake spika ya desibeli 91 ikipewa wati 20 inalia sawa na ya desibeli 88 iliyopewa wati 40. Tofauti hiyo umeipata bure dukani kwa kusoma karatasi tu. Spika za mtumba kutoka Japani sizikatai, nyingine ni nzuri mno, ila kagua ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa mpira, hewala. Ukiwa wa sponji, bonyeza kwa ncha ya kidole: joto na unyevu wa pwani huila sponji, na ikianza kuacha unga kidoleni hiyo spika imekwisha.

Kwenye gari la spoti unakaa chini, miguu imenyooka, na spika ya mlangoni inapiga kwenye ugoko. Sauti nyembamba haipindi kona, kwa hiyo twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zilizotengwa na kuwekwa juu, kwenye pembe za dashibodi, zina faida kubwa hapa kuliko kwenye gari la familia. Ukipitisha nyaya zake, plagi yoyote ya njano usiiguse. Hiyo ni ya eabegi.

Redio ya Kijapani iliyokuja na gari ina tatizo lake. Masafa ya FM ya kule kwa magari ya umri huu ni megahezi 76 hadi 90, yetu ni 87.5 hadi 108. Ndiyo maana watu hufunga kile kiboksi cha kushusha masafa, na stesheni ya 96 unaikuta kwenye 84. Kinafanya kazi, ila kinaongeza mchakato kwenye antena, na ukishaelekea Pongwe mikwaruzo inaanza. Kubadilisha redio ni halali kabisa. Nisichokubali ni kumaliza fedha kwenye skrini. Redio ndogo ya kawaida yenye Bluetooth, mchujo wa besi na uwezo wa kuchelewesha spika mojamoja itakupa muziki bora kuliko skrini kubwa ya bei rahisi inayovuma kila ukikanyaga mafuta.

Na zile "wati 60 mara 4" usoni mwa redio? Geuza uangalie fyuzi mgongoni. Ikiwa ni ya ampea 10, na gari likiwaka lina volti 14 hivi, redio nzima haiwezi kuvuta zaidi ya wati 140 muda mrefu, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Wati 240 zitoke wapi? Redio nzuri hutoa wati 20 safi hivi kwa kila spika. Hizo 20, kwenye mlango ulioandaliwa, zinatosha watu wengi kuliko wanavyodhani.

Lakini gari la spoti lina adui mwingine, nalo ni ekzosi. Injini ya silinda nne inawaka mara mbili kwa kila mzunguko. Ukiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde, yaani miwako 100 kwa sekunde, nayo ni hezi 100. Hapo ndipo gitaa la besi na ngoma zinapoishi. Impreza za zamani, zile ambazo mabomba yake ya ekzosi yana urefu usiolingana, zinaongeza mngurumo mwingine chini ya hapo. Kwa hiyo ukipanda barabara ya Segera kwa mwendo mmoja, ekzosi kubwa inafunika besi yako yote, nawe unadhani spika ni dhaifu. Kabla hujanunua nguvu zaidi, bandika shiti kwenye sakafu ya buti, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya tairi la akiba. Mngurumo hautaisha, lakini bati litaacha kuukuza.

Ukifika kwenye amplifaya, moja ya chaneli nne inatosha gari zima. Chaneli mbili zinaendesha spika za mbele, mbili zilizobaki unaziunganisha pamoja kuendesha sabufa moja. Amplifaya nyingi zikiunganishwa hivyo hazitaki mzigo chini ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa hiyo soma sabufa kabla ya kulipa. Yenye koili mbili za omu 2 ukiziunga kwa mfuatano unapata omu 4, safi. Yenye koili mbili za omu 4 itakupa omu 8 au omu 2, ya kwanza inakunyima nguvu, ya pili inakuunguzia amplifaya. Inchi 10 kwenye boksi lililozibwa inatosha. Spika za nyuma ziache kama zilivyo, au zizime.

Kuna gari moja la kuwa nalo makini, Mazda RX-8 yenye mfumo wa Bose. Spika zake zina omu chache kuliko za kawaida na zina amplifaya yake iliyofichwa. Ukizifunga kwenye redio ya kawaida moja kwa moja unaweza kuichoma redio. Badilisha mfumo wote au uuache wote.

Waya ndio mahali ambapo wauzaji wanatuonea. Waya mwingi mnene wenye ngozi nzuri ya rangi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, huo ni aluminiamu. Unapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule, na kwa chumvi ya hewa yetu ncha zake zinageuka unga mweupe. Nenda kwa wanaouza vifaa vya kuchomelea, ulizia waya wa mashine ya welding wa shaba wa milimita za mraba 16. Ukwangue nao kwanza. Ni laini, unapinda kirahisi, na mara nyingi ni nafuu kuliko ule wa duka la redio. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiwashe gari moto ukikatika bodini. Athi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, iwe fupi, isizidi nusu mita, na rangi ya bodi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae, kisha upake grisi juu ya bolti. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na waya za sauti upande mwingine, usije ukasikia alteneta ikiimba.

Kupanga sauti hakugharimu kitu, na ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Kata besi ya spika za mlango kuanzia hezi 80 kushuka, hiyo ni kazi ya sabufa. Kitufe cha geini kwenye amplifaya ni cha kuilinganisha na redio, si cha kuongeza sauti. Chomoa spika, cheza mlio wa hezi 1000 kutoka kwenye simu, weka redio robo tatu, pima volti kwenye tundu la spika la amplifaya kwa multimita huku ukiongeza geini taratibu. Kwa amplifaya ya wati 50 kwenye omu 4, simama kwenye volti 14. Ukipita hapo unaunguza twita.

Kisha pima kwa futi ya seremala kutoka sikioni mpaka kila spika. Sisi tunakaa kulia, kwa hiyo spika ya kulia iko karibu zaidi, labda kwa sentimita 50. Sauti inasafiri karibu mita 349 kwa sekunde kwenye joto letu, hivyo ya kulia inawahi kwa milisekunde 1.4. Ingiza tofauti hiyo kwenye redio, ili ya kulia icheleweshwe. Kuhakiki, natumia bendi za hapa hapa Tanga za miaka ya 1960, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Rekodi nyingi za wakati ule ni za mono, kwa hiyo mwimbaji, gitaa na ngoma vyote vinapaswa kutokea nukta moja katikati ya dashibodi. Sauti ikivutwa upande mmoja, ongeza au punguza kidogo kidogo mpaka itulie.

Baada ya wiki mbili za barabara, hasa kama umekwenda Pangani, kaza upya skrubu za spika na bolti ya athi. Gusa kishikio cha fyuzi gari likiwa limepiga muziki nusu saa. Kikiwa cha moto, kuna ncha iliyolegea, ifungue, isafishe, uikaze tena.