"Mtoto ni mtukutu" si taarifa

Mazoezi ya kufundisha yakikaribia, wanachuo wa elimu maalumu huanza kuazimana maandalio ya somo. Dhana potofu za kuandika taarifa za watoto na malengo ya somo nazo huazimwa humo humo.

Dhana: Maneno mazito ndiyo utaalamu.

Ukweli: Taarifa yako itasomwa na mwalimu atakayempokea mtoto mwakani, na mzazi pia. Ukiandika "ni mtukutu, hana umakini," umehukumu, ulichokiona hujakisema. Linganisha na hii: "Saa 3:10 asubuhi, wenzake walipoanza kuimba, aliziba masikio akaingia chini ya dawati. Alitoka wimbo ulipokwisha, baada ya dakika 4." Anayesoma hapo ameshapata pa kuanzia: kelele. Wala hukulazimika kutaja usonji (autism). Kama mtoto hajapimwa na wanaohusika, usiutaje kabisa, hata kama uliusoma juzi tu na dalili unaziona kila kona.

Dhana: "Mwanafunzi aelewe kuhesabu" ni lengo.

Ukweli: Kuelewa hakuonekani kwa macho. "Ahesabu vizibo 5 vya soda, akigusa kimoja kimoja, bila kushikwa mkono." Hilo mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa analiona likifanyika au lisifanyike.

Dhana: Neno la staha lazima liwe refu.

Ukweli: Wengi huandika "mwenye changamoto ya usikivu" kwa kuogopa kusema kiziwi. Lakini usikivu pia ni utii na umakini. Kiziwi anaweza kuwa msikivu kuliko darasa zima! Wenyewe chama chao wanakiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Wasioona nao wana Chama cha Wasioona, hawakusema "vipofu". Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 kuhusu ulemavu inasema "watu wenye ulemavu", si "walemavu". Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kukariri. Sikiliza wahusika wanavyojiita.

Dhana: Taarifa kamili huwa na jina kamili.

Ukweli: Kazi nyingi za chuo huchapwa steshenari. Unalipia, unaondoka, faili linabaki kwenye kompyuta: jina la mtoto, shule yake, dawa za kifafa anazomeza. Anayefuata, aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi, analifungua kwa bahati mbaya. Tumia herufi mbili za kubuni badala ya jina, na kabla hujainuka kwenye kiti, futa faili, kisha mwaga na pipa la taka la kompyuta.